Minara ya Karatasi

Agosti 2021 picha moja ilizunguka dunia. Ilionyesha jengo la ghorofa 70, lenye urefu wa mita zipatazo 370, limesimama kwenye kisiwa cha kutengenezwa katika bahari ya Unguja. Halikunyooka kama minara tuliyoizoea. Lilianza na vipande vifupi, kila kimoja kikimzidi mwenzake kimo, hadi cha mwisho kikaelekea mawinguni, kama kete za dhumna zilizosimamishwa zikisubiri kidole cha kuzisukuma. Waliolichora walikuwa xCassia, ofisi ya usanifu yenye makao New York na Dubai. Waliolitangaza ni AICL Group pamoja na Edinburgh Crowland Management, na gharama iliyotajwa ilikuwa dola bilioni 1.3. Jina lake Zanzibar Domino Commercial Tower. Kama lingejengwa, katika Afrika nzima lingezidiwa na jengo moja tu, lile la mji mpya wa serikali huko Misri.

Ubishi uliofuata kila mtu anaweza kuukisia. Wapo waliofurahi kuona Zanzibar inatajwa kwa kitu kisichokuwa karafuu na fukwe. Wengine walisema ni kejeli kupandisha kioo na chuma karibu na Mji Mkongwe, mji wa mawe, chokaa na boriti. Vijana walitaja ajira, wazee wakataja haya. Wahandisi waliuliza chini kuna nini, na swali lao ndilo lililopata wasikilizaji wachache kuliko yote.

Nitasema mapema ninakosimama. Tumezoea kubishania minara hii kwa sura yake: ni mizuri au mibaya, inatufaa au inatuaibisha. Sura ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Jengo la namna hii huanza kufanya kazi siku picha yake inapotoka, miaka mingi kabla ya nondo ya kwanza kuzikwa, na mara nyingi kazi hiyo ya picha ndiyo pekee litakayowahi kufanya. Kwa hiyo picha nayo inapaswa kuhojiwa kama jengo linavyohojiwa.

Tuanze na hesabu. Mei 2017, Rais Uhuru Kenyatta alizindua ujenzi wa The Pinnacle huko Upper Hill, Nairobi, mnara uliotajwa kupita mita 300 na kuwa na hoteli ya Hilton ndani yake. Ukaja mgogoro wa ardhi mahakamani, yakaja masuala ya urefu na njia za ndege, na kazi ikasimama. Mwaka 2018 ikawa zamu ya Watamu, mji mdogo wa uvuvi na utalii katika kaunti ya Kilifi: Palm Exotica, ghorofa 61, mita 370, shilingi za Kenya bilioni 28, pembeni mwa hifadhi ya bahari ambako kasa hutaga mayai. Miaka mitatu baadaye ikaja picha ya Unguja. Jumlisha urefu wa minara hiyo mitatu na unapata zaidi ya kilomita moja kwenda juu, wala hakuna hata mmoja unaotia kivuli.

Si kwamba Afrika Mashariki haiwezi kujenga kwenda juu. Britam Tower ya Nairobi ina mita 200 na watu wanaingia kazini humo kila asubuhi. Makao makuu ya Mamlaka ya Bandari Dar es Salaam yamepita mita 150. Addis Ababa kuna jengo la benki ya biashara lenye mita 209. Majengo haya yana jambo moja yanayofanana: kila moja lilikuwa na mwenye fedha anayejulikana, awe benki, kampuni ya bima au shirika la umma, na mwenye fedha huyo alikuwa na haja ya ofisi. Picha yalikuwa nayo pia, lakini fedha ilitangulia picha. Kwa Domino, Palm Exotica na Pinnacle mambo yalikwenda kinyume, picha ikatumwa mbele kutafuta fedha.

Hilo si kosa kisheria. Mwekezaji ana haki ya kuota hadharani. Saudi Arabia, yenye mafuta yake yote, iliacha mnara wa Jeddah umesimama nusu kuanzia 2018, na kazi haikuanza tena hadi 2025. Tatizo liko kwa wanaoishi chini ya ndoto ya mtu mwingine.

Huku Ngara, wilaya ya mkoa wa Kagera ninakoishi, jambo hili tunalielewa bila kufafanuliwa sana. Nikeli ya Kabanga ilijulikana tangu miaka ya 1970. Tangu wakati huo kampuni zimepokezana leseni, mitambo ya kuchoronga imekuja na kuondoka, na mkataba na serikali ulitiwa saini Januari 2021. Nikeli ni kitu halisi, iko chini ya ardhi, siifananishi na kisiwa cha kuchora. Ninachofananisha ni namna ya kuishi ukingojea. Ukishaambiwa eneo lako liko ndani ya mradi, unafikiri mara mbili kupanda kahawa, kwa sababu mche wa kahawa unataka miaka. Hupaui nyumba ya bati jipya. Hukopi. Dalali naye hupita akiuliza bei.

Mfano ulio wazi zaidi uko Kigamboni. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mji mpya wa kisasa ng'ambo ya kivuko cha Dar es Salaam, na michoro yake ilipendeza kweli: maghorofa ya vioo, barabara pana, bustani. Wakazi wakazuiwa kuendeleza viwanja vyao wakisubiri fidia. Miaka ikapita, eneo la mradi likapunguzwa sana, na mji ule wa michoro haukujengwa. Mzee aliyekuwa anataka kuongeza chumba cha mwanawe alisimamishwa na picha. Ukitaka kupima madhara ya jengo ambalo halikujengwa, anzia hapo.

Picha ina kazi nyingine. Inaipa kampuni isiyojulikana jina la kupeleka benki, na inampa kiongozi habari ya kusema kwenye kongamano la uwekezaji. Inapandisha bei ya kiwanja cha jirani, na wanaouza mapema hufaidi kuliko watakaobaki. Inawachosha pia wapinzani. Watu wa Watamu walitumia nguvu, muda na fedha zao kupambana na ghorofa 61, na muda huohuo nyumba za kukodisha na hoteli ndogo zilizidi kusogea ufukweni bila kelele. Jitu kubwa hukusanya macho yote, na madogo yanapita.

Sasa turudi kwenye sura, maana sitaki kuonekana kama nawacheka wanaoutetea Mji Mkongwe. Wana hoja. Lakini wana tatizo moja kubwa, nalo limesimama pale Forodhani, au tuseme lilikuwa limesimama.

Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash. Leo ndilo nembo ya Mji Mkongwe, lakini tazama lilivyokuwa siku hizo. Nguzo za chuma zililetwa kutoka ng'ambo. Baraza zake ndefu zilizunguka jengo lote, ghorofa juu ya ghorofa, jambo ambalo halikuwa mwenendo wa nyumba za Waarabu na Wahindi wa mjini, zenye kuta nene na zinazotazama ndani. Halikuwa na kazi ya kukaliwa na familia. Lilikuwa la sherehe na la kuwashangaza wageni, na jina lake linakiri hivyo. Baadaye likatiwa umeme, likatiwa na lifti, wakati sehemu kubwa ya Afrika Mashariki haikuwa imeona hata taa moja ya namna hiyo. Kwa vipimo vya majirani zake lilikuwa jengo geni, kubwa kupita kiasi, la mtu mwenye fedha anayetaka kuonekana. Kila lawama iliyoliangukia Domino ingeweza kumwangukia Barghash.

Barghash, kwa haki yake, ndiye huyohuyo aliyeleta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi za nje. Maajabu yake yalikuja na mabomba.

Agosti 27, 1896, Waingereza walipiga mizinga makasri ya sultani kwa muda usiofika saa moja. Mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib uliharibika, na mnara wa saa ukajengwa kwenye jengo lenyewe. Kwa hiyo hata ule mnara tuliouona kwenye kadi za posta kama kitu cha tangu na tangu uliongezwa baada ya vita. Biharamulo, mkoani Kagera, nao wana boma la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20, lililojengwa ili wenyeji walitazame na kunywea. Baadaye likawa mahali pa kulala wageni, na watu hulitazama bila uchungu. Ugeni wa jengo huisha. Hiyo ndiyo sababu siwezi kuukataa mnara kwa kosa la kuwa wa ajabu.

Lakini hadithi ya Beit al-Ajaib haikuishia kwenye kuzoeleka. Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya mbele ya jengo ilianguka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wawili waliokuwa kwenye kazi ya ukarabati wakafariki. Jengo lilikuwa limedhoofika kwa miaka, nyufa zinaonekana, makumbusho yamefungwa, fedha za Oman zimepatikana na mafundi wako kazini, bado likaanguka. Miezi minane baadaye picha ya ghorofa 70 ikatoka. Mtu wa kawaida wa Unguja aliyeona matukio haya mawili ndani ya mwaka mmoja alikuwa na haki ya kuuliza: hili la ghorofa chache limetushinda kulitunza, la 70 atalitunza nani?

Swali hilo halikuulizwa vya kutosha, kwa sababu mjadala ulichukuliwa na UNESCO. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na kila jengo refu linapotajwa watu hukimbilia kusema orodha iko hatarini. Hatari hiyo ni ya kweli. Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamika wazi kuhusu hoteli iliyojengwa pale Mambo Msiige, ndani ya Mji Mkongwe, ambayo ilifunguliwa mwaka 2015 licha ya malalamiko. Dresden, Ujerumani, uliondolewa kwenye orodha mwaka 2009 kwa sababu ya daraja. Liverpool ukaondolewa Julai 2021, mwezi mmoja tu kabla ya picha ya Domino, kwa sababu ya majengo mapya kwenye gati zake za zamani.

Hata hivyo Domino halikupangwa ndani ya Mji Mkongwe. Lilitajwa kuwa umbali wa kilomita kama 15. Hapo hoja ya urithi inabaki na mguu mmoja, nao ni mandhari. Si mguu dhaifu: kitu chenye mita 370 huonekana baharini umbali unaokaribia kilomita 70, kwa hesabu ya mviringo wa dunia peke yake. Mvuvi wa Bagamoyo angekiona siku ya anga safi. Nahodha anayekuja na kaskazi angekiona saa kadhaa kabla ya kuona mnazi. Lakini mandhari ni ya nani, na nani anaamua? St. Petersburg, Urusi, walibishana miaka kuhusu mnara wa Gazprom uliotaka kusimama karibu na mji wa kale. Wakazi waliandamana, UNESCO ikaonya, na mwisho wa 2010 mradi ukahamishiwa pembezoni mwa mji, ukingoni mwa ghuba. Huko ulijengwa, tena mrefu zaidi, mita 462. Ubishi uliusogeza, haukuuua. Na uliusogeza kwa sababu mwenye fedha alikuwepo kweli, na alikuwa na nia ya kujenga. Huwezi kusogeza picha.

Ninalotaka kulikalia zaidi ni maji.

Watu wa Ngara wa umri wangu waliwahi kuona mji ukizaliwa kwa siku moja. Mwisho wa Aprili 1994 wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24, wakatandaza turubai Benaco. Kwa idadi ya watu, Benaco ghafla ikawa kati ya miji mikubwa ya Tanzania, bila ghorofa hata moja, bila hata tofali. Mashirika yalipokutana kujadili mji ule hayakuzungumzia sura yake. Yalizungumzia lita ngapi za maji kwa mtu kwa siku, choo kimoja watu wangapi, kuni zitatoka wapi. Aliyeona mjadala ule hawezi tena kutazama mchoro wa mji bila kutafuta bomba.

Basi tulitafute bomba la Domino. Unguja hutegemea maji ya ardhini: visima, mapango, chemchemi. Chini ni mawe ya matumbawe na chokaa, yenye matundu na mapango, na ukivuta maji kupita kiasi karibu na pwani, maji ya chumvi hufuata. Kupandisha maji mita 370 kunahitaji msukumo wa karibu mara 36 ya ule wa hewa ya kawaida, kwa hiyo hupandishwa kwa hatua, matangi na pampu katikati ya jengo, na pampu hizo hazilali. Majitaka nayo yanashuka palepale, juu ya kisiwa cha kutengenezwa, kando ya bahari ambayo watalii wameifuata kwa ajili ya usafi wake. Katika mtaa wa kawaida wa Mjini Magharibi, karo likijaa unaita gari la kunyonya. Ghorofa 70 zinaita nini?

Halafu umeme. Mei 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima gizani. Desemba 2009 waya wa baharini unaoleta umeme kutoka bara ukafa tena, na umeme haukurudi hadi Machi 2010. Miezi mitatu. Biashara zilifungwa, hoteli zilikula dizeli, maji yakakatika kwa sababu pampu hazikuwa na umeme. Mwaka 2013 ukazinduliwa waya mpya wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, na hali ikawa nafuu sana. Lakini aliyepanda ghorofa ya nne na ndoo mkononi mwaka 2010 anajua ninachosema. Nyumba ya ghorofa nne bila umeme ni usumbufu. Mnara wa 70 bila umeme haukaliki. Lifti imekufa, hewa haizunguki, madirisha hayafunguki, na ngazi ya zimamoto haifiki hata robo ya njia.

Kuna pia suala la nani anasimamia. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka asubuhi na kuua watu 36. Kibali chake kilitajwa kuwa cha ghorofa 10. Novemba 16, 2024, jengo la Kariakoo, katika jiji hilohilo, likaporomoka na kuua watu wasiopungua 29. Haya hayakuwa majengo ya ajabu. Hayakuwa na wasanifu wa New York wala hayakutangazwa popote duniani. Yalikuwa majengo ya biashara ya kila siku, ya aina ambayo halmashauri zetu hukagua, au zilipaswa kukagua. Mamlaka isiyoweza kuhesabu kuwa ghorofa zimepita sita zaidi ya kibali ina kazi kubwa kabla ya kukabidhiwa mnara wa mita 370. Wapo watakaosema mnara mkubwa huja na wakaguzi wake wa kimataifa. Huja nao, ndiyo, na wakaguzi hao huondoka siku ya makabidhiano.

Wanaotetea kwenda juu wana hoja moja nzito ambayo wapinzani huikwepa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, sawa na watu 768 kwa kila kilomita ya mraba. Visiwa haviongezeki. Kila nyumba ya chini inayojengwa Unguja inakula shamba la muhogo au mikarafuu, na mji umeshatambaa hadi mahali ambapo wazee walikuwa wakienda kulima. Kwa hiyo kupanda juu ni lazima, hata mimi ninayeishi kwenye wilaya yenye vilima na nafasi nakubali.

Ila hoja hii ni ya ghorofa nne, sita, nane. Si ya 70. Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, aliliona hili mwishoni mwa miaka ya 1960 alipoleta wataalamu wa Ujerumani Mashariki wachore Michenzani, yale majengo marefu ya ubavu yaliyokata eneo la Ng'ambo, kando ya Mji Mkongwe, kwa msalaba. Walioyacheka wakati ule, na bado wapo, walicheka sura: mabehewa, kambi. Na kweli maji yalisumbua juu na kuta zimechoka. Lakini familia zilihamia humo, zikazaa, zikafungua vibanda chini, zikatandika mikeka barazani. Michenzani yalikuwa majengo ya ajabu kuliko Domino kwa kipimo chochote cha mtaa wake, na yalijengwa kwa ajili ya watu waliokuwa tayari pale. Mnara wa dola bilioni 1.3 unajengwa kwa ajili ya watu watakaokuja, na wasipokuja hauna matumizi mengine. Huwezi kuugeuza shule.

Katikati ya picha na hali halisi kuna pendekezo la tatu ambalo nalipa heshima zaidi. Oktoba 2022 kampuni ya CPS, inayojenga mji wa Fumba kusini mwa uwanja wa ndege wa Unguja, ilitangaza Burj Zanzibar: ghorofa 28, mita 96, makazi 266, sehemu kubwa ikiwa ya mbao zilizounganishwa kwa gundi tabaka kwa tabaka, na kiini cha zege kwa ajili ya moto na uimara. Ni la ajabu vilevile. Likisimama litazidi majengo ya mbao yanayotajwa sana duniani, Mjøstårnet la Norway lenye mita 85 na Ascent la Milwaukee, Marekani, lenye mita 86. Lakini hapa picha imekuja baada ya kitu. Fumba tayari kuna nyumba zinazokaliwa, mitaa na maji. Anayetaka kujua kama waendelezaji hao wanaweza kujenga, anapanda daladala akaangalie.

Na mbao Zanzibar si ugeni hata kidogo. Vyumba vya Mji Mkongwe vina upana unaolingana kwa sababu boriti za mikoko zina urefu wake, hazivuki mita tatu na kitu. Msitu wa mikoko ndio uliochora ramani ya chumba cha Unguja. Mbao pia ni nyepesi kuliko zege, na juu ya mawe yenye matundu uzito mdogo ni rehema. Maswali yangu kwa Burj ni ya fundi: mchwa, chumvi hewani, unyevu wa masika, na mbao zenyewe. Tanzania ina shamba la miti la Sao Hill, Mufindi, kubwa kuliko yote ya serikali. Kama jengo la mbao lililosifiwa kwa kupunguza hewa ukaa litaletewa mbao kwa meli kutoka Ulaya, sifa hiyo ipunguzwe kidogo. Kama litafungua soko la mbao zilizochakatwa Mufindi, na siku moja hata za mashamba ya Kagera, basi hapo niiteni nije nishangilie.

Tofauti kati ya ubishi wa Watamu na ule wa Unguja ilikuwa ya kisheria zaidi kuliko ya hisia. Kenya ina sheria ya mazingira ya 1999 inayotaka tathmini ya athari itangazwe, watu watoe maoni, na asiyeridhika aende kwenye baraza la rufaa la mazingira. Baraza hilo si pambo: Juni 2019 lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu, mradi wenye wakubwa nyuma yake, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo aliyepinga Palm Exotica alijua barua yake inakwenda wapi. Zanzibar nayo ina Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira na sheria yake ya 2015, na tathmini inatakiwa. Ila tathmini huanza mradi unapoombewa kibali. Picha hutoka kabla, wakati hakuna dirisha la mtu kupeleka neno lake isipokuwa kelele za barabarani.

Ndiyo maana ningependa kibali kianzie kwenye tangazo. Atakayetangaza mnara kwenye ardhi ya umma, na ardhi ya Zanzibar ni ya umma, aambatanishe na picha karatasi chache, kama mwenye kibanda cha soko la Darajani anavyodaiwa za kwake kila mwaka: fedha ni za nani na kiasi gani kiko mkononi leo, udongo umepimwa na nani, maji na majitaka, ardhi inashikiliwa kwa muda gani kabla ya kurudishwa kama kazi haikuanza. La mwisho hili lingewaokoa watu wa Kigamboni peke yake. Waendelezaji wa kweli hawataona tabu, kwa kuwa karatasi hizo wanazo. Wa picha watapata kazi.

Na kuna jambo ambalo sijasikia likiulizwa katika ubishi wote huu, nalo ndilo litakaloamua kama minara ya pwani itadumu ikishajengwa. Zanzibar ina sheria ya 2010 ya umiliki wa sehemu ya jengo. Bara ina ya 2008. Zinamruhusu mtu kununua nyumba moja ndani ya ghorofa na kuwa na hati yake, na zinawafunga wamiliki wote kuchangia lifti, pampu, paa na ulinzi. Kwenye jengo la nyumba 12 Kariakoo ada hiyo hugombewa ngazini, mwenye ghorofa ya kwanza akisema lifti haimhusu. Kwenye jengo la makazi 266, wamiliki wakiwa Muscat, Hamburg na Johannesburg, nyumba nyingi zikiwa za kupangisha watalii, msimu ukiwa mbaya kama wa 2020 viwanja vya ndege vilipofungwa, nani anamdai nani? Msimamizi anaweza kumkatia maji mmiliki asiyeishi humo? Mahakama ipi itakaza hukumu dhidi ya mtu aliyeko nchi nyingine kwa deni la dola 200 kwa mwezi? Jengo likikosa hizo dola 200 mara 266 kwa miaka 10, mhandisi yeyote anaweza kueleza litaanza kuharibika wapi: ni pampu, halafu lifti, halafu paa.